Maswali ya kila mwaka kuhusu kuandaa nyumba kabla ya winta, kwa tunaoishi Minnesota

Kila ikifika Septemba maswali ni yaleyale, watu wakitoka kanisani, wakitoka msikitini, kwenye simu za saa nne usiku na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwaiyo yamewekwa hapa sehemu moja. Mengi yanahusu Minneapolis, St. Paul na miji ya pembeni kama Brooklyn Park, lakini ukikaa Wisconsin, Dakota au Iowa mambo karibu yote ni hayohayo isipokuwa sheria za jimbo.

## Mambo ya mwanzo

Ndo nimefika mwaka huu. Hii baridi ni kweli au watu wanakuza?

Ni kweli. Baridi ya Limuru mwezi wa saba au ya Makete ni baridi ya sweta na chai ya tangawizi, hii ni nyingine kabisa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika hasi 28 Farenaiti, yaani kama hasi 33 Selsiasi, na rekodi ya jimbo zima iko mji wa Tower, 2 Februari 1996, hasi 60 Farenaiti ambayo ni hasi 51 kwa Selsiasi. Siku kama hizo ni chache, lakini nyumba inaandaliwa kwa ajili ya hizo chache, maana ndizo zinazopasua mabomba.

Kuhusu Farenaiti, hesabu ya haraka ni toa 30 alafu gawa kwa mbili. Haiko sawasawa ila inatosha kujua uvae nini. Ikifika hasi 40 hakuna haja ya hesabu, vipimo vyote viwili vinasoma namba moja.

Nianze lini maandalizi?

Mwisho wa Septemba, na Oktoba ikiisha uwe umemaliza. Sio uoga. Gundi nyingi za kuzibia nyufa zimeandikwa kwenye mrija kwamba zinahitaji zaidi ya nyuzi 40 Farenaiti ili zishike, ukipaka Novemba nje inabanduka tu. Alafu mafundi wa fanesi (mashine ya kupasha nyumba joto) wakishaanza kupigiwa simu za dharura hawana muda na wewe unayetaka ukaguzi wa kawaida.

Kama muda ni mdogo fanya hivi: washa joto siku moja bado kuna jua ujue kama linafanya kazi, badilisha filta ya fanesi, chomoa mpira wa maji wa nje, kagua alamu za moshi na za kaboni monoksidi (hewa ya sumu isiyo na harufu). Mengine yanaweza kusubiri wikiendi inayofuata.

Nyumba yangu haina fanesi, ina machuma marefu ukutani. Ni sawa?

Sawa kabisa. Fanesi ni lile boksi kubwa, mara nyingi besmenti (chumba cha chini ya nyumba), linalochoma gesi na kusukuma hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni au ukutani. Majengo mengi ya zamani yana boila inayochemsha maji na kuyazungusha kwenye radieta, ndo hayo machuma. Apatimenti nyingine zina hita za umeme chini ya dirisha. Na siku hizi kuna hitipampu, ile mashine inayofanana na kiyoyozi cha nje lakini inaleta joto pia. Jua una ipi kabla hujasoma majibu ya chini. Radieta usiifunike kwa kochi wala kuigeuza shelfu ya nguo, na hita ya umeme usiisogezee pazia wala kitanda.

Niweke themostati (kile kidude cha ukutani cha kupangia joto) ngapi?

Watu wengi wanakaa 68, sawa na nyuzi 20 za Selsiasi. Usiku au mkiwa kazini wote mnaweza kushusha, Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 za Farenaiti kwa masaa nane kila siku unaweza kuokoa mpaka asilimia 10 ya gharama za mwaka. Ila angalizo mbili. Wiki ya baridi kali kama ile ya 2019 usishushe sana, mabomba yaliyo kwenye kuta za nje yataganda. Na kama una hitipampu kushusha na kupandisha kunaweza kukugeukia, soma swali lake chini.

Kupandisha themostati hadi 80 hakuharakishi nyumba kupata joto. Fanesi ya kawaida inatoa joto lilelile, itachelewa tu kuzima.

## Kuziba matundu, kabla ya kufikiria joto

Joto linawaka mchana kutwa na bado miguu inaganda. Fanesi mbovu?

Mara nyingi fanesi iko sawa, nyumba ndo inavuja. Watu wanaona kama baridi inaingia lakini tatizo kubwa ni joto ulilolipia kutoka: hewa ya moto inapanda na kutokea juu darini, na nafasi yake inachukuliwa na hewa ya nje inayopenya chini, kwenye mlango, kwenye kingo za besmenti, kwenye soketi za ukuta wa nje. Kununua hita kabla ya kuziba ni kuchota maji kwa pakacha.

Kupima ni rahisi na vifaa unavyo. Siku yenye upepo zima feni zote, washa kijiti cha udi na upitishe taratibu kwenye kingo za dirisha, chini ya mlango, kwenye soketi, pale bomba la sinki linapoingia ukutani na kwenye kifuniko cha darini. Moshi ukienda wima hapo pako sawa, ukilala au ukivutwa umepata tundu. Kaa mbali na mapazia. Na asubuhi ya baridi kali angalia bawaba za mlango wa mbele kwa ndani, ukikuta barafu nyeupe nyembamba imeota kwenye skrubu jua mpira wa mlango umechoka.

Naziba na nini?

Tundu tofauti dawa tofauti. Chini ya mlango kuna ufagio wa mpira unaofungwa kwa skrubu, na kama hutaki kutoboa kuna wa kuteleza tu chini, au kunja taulo zito. Pembeni mwa mlango ni sponji ya gundi, futa vumbi kwanza maana haishiki kwenye uchafu. Nyufa zisizosogea ni silikoni. Nyuma ya vibao vya soketi kuna vipande vya sponji vilivyokatwa tayari, zima umeme wa chumba hicho ndo ufungue. Dirisha ambalo hutalifungua mpaka masika lina uzi laini kama udongo wa kuchezea, unaukandamiza kwa kidole na masika unauvuta unatoka wote.

Kuna kitu kimoja usikizibe kabisa, nacho ni bomba lolote la kutolea moshi la fanesi, hita ya maji au draya ya nguo. Sababu iko kwenye sehemu ya moto na hewa.

Ile plastiki ya madirisha inasaidia kweli?

Inasaidia, na kwa dirisha la zamani la kioo kimoja utaona tofauti usiku huohuo. Inauzwa kwenye boksi pamoja na gundi ya pande mbili. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke, bandika gundi kuzunguka fremu yote, shika plastiki kuanzia juu ukishuka bila kuivuta sana, alafu chukua draya ya nywele moto wa juu upitishe kutoka pembeni kwenda katikati. Mikunjo yote inajivuta mpaka unasahau kama kuna plastiki. Ukiisogeza draya karibu sana inatoboka, na usiweke juu ya dirisha ambalo ndo njia yenu ya kutokea moto ukitokea.

Siku ya upepo ukiona plastiki imefura kama tumbo usiogope, gundi ikishika ni sawa, ila inakuonyesha dirisha lenyewe lilikuwa linavuja kiasi gani.

Nimepanga, lendilodi hataki nitoboe wala nibandike.

Plastiki, ule uzi laini na ufagio wa kuteleza vyote vinatoka bila alama ukivitoa kwa utaratibu, pasha gundi kidogo na draya kabla ya kuvuta. Lakini kioo kilichovunjika au mlango usiofunga sio kazi yako, hiyo mwandikie kwa meseji au imeili ubaki na ushahidi, picha na tarehe. Kuhusu joto lenyewe angalia sehemu ya bili na haki.

Mapazia je?

Dirisha linalotazama kusini fungua pazia mchana, huku jua la winta linapita upande wa kusini na linaingia mpaka ndani. Likizama funga. Pazia lisifunike tundu la hewa ya moto, utakuwa unapasha kioo.

Nyumba ni yangu, kila mwaka kuna barafu kubwa inaning'inia kwenye kingo za paa na maji yanavuja ndani. Nipige nyundo?

Usipige, utavunja shingo au paa. Hiyo barafu ni dalili. Joto linapanda darini, linayeyusha theluji ya juu ya paa, maji yanateremka mpaka kwenye ukingo ambao hauna joto chini yake, yanaganda tena, ukuta wa barafu unajengeka na maji yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae mpaka kwenye dari ya chumba chako. Kwa sasa hivi vuta theluji ya futi chache za ukingoni kwa lile reki refu la paa ukiwa umesimama chini.

Dawa yenyewe ni darini: ziba matundu kwanza (taa, mabomba, kifuniko) alafu ongeza sufi ya kuzuia joto. Nyumba mpya za Minnesota zinatakiwa kufika R-49 darini (R ni kipimo cha sufi inavyozuia joto), za zamani nyingi haziko hata karibu. Watu wanaruka hatua ya kuziba wanamwaga sufi tu juu, na mwaka unaofuata barafu iko palepale. Gata (mifereji ya maji ya ukingo wa paa) nazo zisafishwe majani kabla ya theluji, japo gata safi peke yake haiponyi tatizo hili.

## Fanesi na vifaa vya joto

Filta nibadilishe kila baada ya muda gani?

Zile nyembamba za inchi moja, miezi mitatu ndo mwisho, na kama una mbwa, zulia kubwa au watu wengi nyumbani ziangalie kila mwezi. Saizi imeandikwa ubavuni, mfano 16x25x1, piga picha uende nayo dukani. Ukiweka angalia mshale, unaelekea kwenye fanesi. Usinunue iliyobana kuliko zote kwa kuamini ndo bora, fanesi nyingine zinashindwa kuvuta hewa, zinapata moto kupita kiasi na kujizima.

Joto limekata saa nane usiku. Nifanye nini kabla ya kumwita fundi?

Fundi wa usiku anatoza pesa ndefu, kwaiyo pita haya kwanza. Themostati iko kwenye joto na betri zake nzima? Breka ya umeme haijaruka? Pembeni ya fanesi kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa, watoto au mtu aliyekwenda kutoa sanduku la Krismasi huwa wanaizima bila kujua. Mlango wa bati wa fanesi umekaa vizuri? Una kitufe ndani, ukilegea mashine haiwaki. Filta imeziba? Mwisho vaa koti utoke nje uangalie yale mabomba meupe ya plastiki yanayotoka ukutani, fanesi za kisasa zinavutia hewa na kutolea moshi hapo, theluji ikirundikana mdomoni mashine inajizima yenyewe. Ondoa kwa mkono, usichokonoe na chuma.

Bado? Kuna kitundu cha kioo kwenye mlango wa fanesi, ndani kuna kitaa kinachopepesa. Hesabu mara ngapi kinapepesa umwambie fundi, ni namba ya kosa na atakuja na kifaa sahihi. Wakati unamsubiri wakusanye watu chumba kimoja, funga milango mingine, na ufanye ya swali la usiku wa baridi kali kuhusu mabomba.

Ukinusa harufu ya mayai viza, usiguse swichi yoyote. Toeni watu wote nje, piga 911 mkiwa mbali na nyumba.

Themostati ya hitipampu yangu ina maandishi EM HEAT. Niiwashe winta?

Hapana, hiyo ni ya dharura hitipampu ikiharibika, inawasha joto la akiba peke yake, ambalo kwenye nyumba nyingi ni la umeme mtupu na bili itakulaza macho. Acha kwenye HEAT, mashine itaita msaada yenyewe ikihitaji. Na ukishusha nyuzi nyingi usiku, asubuhi inapopanda ndo huo msaada unaitwa, kwaiyo hitipampu inapenda kuachwa ilipo.

## Mabomba ya maji

Kwa nini bomba linapasuka? Barafu si inaziba tu?

Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Barafu ikijenga katikati ya bomba, maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa hayana pa kwenda, presha inapanda mpaka bomba linachanika, mara nyingi sio hata pale palipoganda. Na hutajua mpaka barafu iyeyuke. Ndo maana mtu anashangaa jua limetoka, anafurahi, alafu anasikia maji yanamwagika besmenti.

Hatari inaanza nje ikifika kama 20 Farenaiti kwa mabomba yasiyo na kinga: kuta za nje, chini ya sinki la jikoni, gereji, nafasi ya chini ya sakafu.

Koki ya nje inahitaji nini?

Chomoa mpira, hilo la kwanza na watu wanalisahau. Hata zile koki ndefu zilizotengenezwa zisigande, mpira ukibaki maji hayatoki na zinapasuka kwa ndani ya ukuta, unagundua Mei unapofungua kumwagilia sukuma wiki. Koki ya kizamani ina vali ndani ya nyumba, ifunge alafu nenda nje ufungue ya nje maji yaliyobaki yatoke, uiache wazi.

Usiku wa hasi ishirini nifanye nini?

Fungua milango ya kabati chini ya sinki joto la chumba liingie (sabuni na sumu za mende ziondoe kama kuna watoto), acha bomba lililo ukuta wa nje lidondoke maji taratibu, moto na baridi, uzi mwembamba tu. Mlango wa gereji ufungwe. Themostati usishushe.

Nimeamka nafungua bomba hakuna kitu.

Acha koki wazi. Jua vali kuu iko wapi kabla hujaanza, swali linalofuata. Tafuta sehemu iliyoganda, inaweza kuwa na ukungu mweupe au baridi kuliko pembeni. Pasha kwa draya ya nywele au taulo la maji moto, ukianzia upande wa koki ukirudi nyuma ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Usitumie moto wowote, si mshumaa, si tochi ya gesi, si mkaa kwenye bati. Nyumba zinaungua namna hiyo. Kama huoni bomba lenyewe au nyumba nzima haina maji, ita fundi bomba.

Limepasuka! Maji kila mahali!

Funga vali kuu. Kwenye nyumba nyingi iko besmenti ukuta wa mbele, karibu na mita ya maji. Ya mkono mrefu ikikaa msalaba na bomba imefunga, ya gurudumu unazungusha kama saa inavyokwenda. Fungua koki zote zimalize maji. Maji yakifika kwenye soketi au boksi la umeme usiyakanyage. Piga picha kwa ajili ya bima ndo uanze kukausha.

Ukiwa unasoma hili hakuna kilichopasuka, nenda sasa hivi ukaitafute hiyo vali na uwaonyeshe wote wenye umri wa kuweza kuizungusha. Kwenye apatimenti muulize lendilodi namba ya dharura ya usiku ni ipi.

Desemba tunaenda nyumbani Mombasa mwezi mzima. Nizime joto niokoe hela?

Usizime. Usishushe chini ya 55 Farenaiti, sawa na 13 Selsiasi. Funga vali kuu ya maji na fungua koki zipungue presha, ila kama una boila au mfumo wa maji wa kuzimia moto muulize fundi kwanza. Fungua kabati za sinki. Mpe ndugu au jirani ufunguo apite kila baada ya siku chache aguse radieta au tundu la hewa, maana fanesi haikutumii salamu ikifa. Soma na mkataba wa bima, nyingi zinakataa kulipa bomba lililopasuka kama nyumba iliachwa bila joto na maji hayakufungwa. Na mtafute wa kusukuma theluji, angalia swali lake.

## Moto na hewa

Umeme umekatika, nina jiko la mkaa la kuchomea nyama. Nikifungua dirisha kidogo naweza kuliingiza ndani?

Hapana. Hapana hata kidogo, hata gereji mlango ukiwa wazi. Tunajua tumekua na jiko ndani na tuko hai, lakini zile nyumba zilikuwa zinapumua, matundu chini ya paa, madirisha ya nondo. Nyumba ya huku uliyotumia Oktoba nzima kuiziba haipumui. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unalegea, unadhani ni uchovu, unalala.

Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme eneo la Seattle na watu wengi walipata sumu hii, wengi wao wahamiaji waliokuwa wanachoma mkaa ndani wapate joto, na kuna waliokufa. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa. Ni watu kama sisi.

Oveni nikiiacha wazi?

Ya gesi ni jibu la juu. Ya umeme haitoi hiyo hewa lakini mtoto ataungua na haikutengenezwa kupasha nyumba.

Hita ndogo za kuchomeka zina shida gani?

Hazina shida ukizipa heshima yake. Futi tatu kutoka kitanda, pazia, nguo na viatu vinavyokaushwa. Chomeka moja kwa moja ukutani, sio kwenye ekstensheni, maana nyingi zinakula wati 1500 na waya wa ekstensheni unapata moto chini ya zulia bila wewe kujua. Usilale nayo inawaka. Nunua inayojizima ikianguka. Kwa bili piga hesabu: masaa 10 ni uniti 15 za umeme, zidisha na bei yako.

Alamu ya kaboni monoksidi lazima?

Lazima kwa sheria ya Minnesota, ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na kwenye nyumba ya kupanga mwenye nyumba ndo anaileta. Geuza nyuma usome tarehe, zinaisha muda hata zikiwa zinawaka taa. Ikilia mfululizo tokeni nje, hesabuni watu, piga 911. Ikitoa mlio mmoja kila dakika mara nyingi ni betri au umri wake umeisha. Usiing'oe kwa sababu inalia unapokaanga samaki, hiyo inayolia kwa samaki ni ya moshi.

Jenereta?

Nje, futi 20 kutoka nyumbani, mdomo wa moshi ukitazama kwingine. Usiichomeke kwenye soketi ya ukuta.

## Bili na haki

Bili ya Januari imeniua. Kuna msaada?

Upo. Minnesota kuna Energy Assistance Program, inaangalia kipato na idadi ya watu wa nyumbani, wapangaji wanaomba pia, na maombi yanaanza Oktoba. Ukifuzu kuna uwezekano wa ile nyingine ya kuziba nyumba na kuongeza sufi bure, Weatherization, ulizia siku hiyohiyo. Kama hujui ofisi ya kaunti yako piga 211 (namba ya kuulizia misaada), omba mkalimani wa Kiswahili, usione haya. Alafu kampuni nyingi za gesi zina mpango wa kugawanya bili sawa kwa miezi yote, haupunguzi deni ila Januari haikushtui.

Wanaweza kunikatia gesi katikati ya winta?

Kuna sheria ya jimbo inaitwa Cold Weather Rule, kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili. Watu wanaielewa vibaya, wanadhani winta hakuna kukatiwa basi. Inakulinda ukipiga simu mkakubaliana mpango wa malipo na ukaufuata. Ukikaa kimya unakatiwa. Ukishindwa mwezi mmoja piga tena kabla ya tarehe, sio baada.

Lendilodi anaweka joto la kubania.

Tangu 2024 sheria ya jimbo inasema kama joto analishika yeye, apatimenti iwe angalau 68 Farenaiti kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Weka kipima joto katikati ya chumba, piga picha asubuhi na usiku, mtumie kwa maandishi. Asipojali, Minneapolis piga 311 (namba ya huduma za jiji) waje wakague. Joto likikata kabisa unaweza kwenda mahakamani kwa haraka ukishampa taarifa ya masaa 24. Usiache kulipa kodi kwa hasira, hapo unampa yeye kesi.

## Mengineyo

Theluji ya mbele ya nyumba ni ya nani?

Yako. Minneapolis nyumba za kawaida zina masaa 24 baada ya theluji kuisha kusafisha njia ya waenda kwa miguu, majengo makubwa yana masaa manne ya mchana. Chumvi ya kawaida inachoka ikipita chini ya 15 Farenaiti, hapo tumia ya kalsiamu au mwaga mchanga. Ukisafisha pitia na mita ya gesi na yale mabomba ya fanesi.

Pua inatoka damu, midomo inapasuka, na huku vioo vinatiririka maji. Vipi tena?

Hewa ya nje ni kavu, ukiipasha inakuwa kavu zaidi. Unyevu wa asilimia 30 hadi 40 unatosha kawaida, ila nje ikishuka hasi ushushe mashine ya unyevu, maji yanayotiririka kwenye vioo ndo yanaozesha fremu na kuleta ukungu mweusi. Watu sita apatimenti ya vyumba viwili na maharage jikoni masaa matatu, hamhitaji mashine, washa feni ya jikoni.

Nakaa kwenye trela.

Chini ndo kila kitu. Ule ukuta mwembamba unaozunguka chini usiwe na tundu, na waya wa joto uliozungushiwa bomba la maji uchomekwe na uguswe kabla ya baridi kuona kama unapata moto. Waya ukichoka unakufa kimyakimya.

Mimi niko Texas, haya yananihusu?

Waulize waliokuwepo Februari 2021. Nyumba za huko nyingi zina mabomba darini na kwenye kuta za nje, umeme ukakatika siku kadhaa, yakapasuka. Sehemu ya mabomba na ya moto zisome zote mbili, nyingine ruka.

Lini nitoe plastiki na kurudisha mpira wa maji nje?

Usidanganywe na jua la Machi. Aprili 2018 ilianguka theluji ya zaidi ya futi moja Minneapolis katikati ya mwezi. Plastiki ukichoka nayo toa mwisho wa Aprili, mpira subiri Mei. Na kama ulikuwa kwenye mpango wa malipo wa gesi, pigia simu kampuni kabla ya tarehe 30 Aprili, maana ulinzi unaisha siku hiyo.